Katuni Ninayoipenda Ina Jina la Baba Mkwe

Jumapili, Kibondo. Ukungu umekaa hadi saa nne, na matope ya jana bado yako mlangoni.

Sikulijibu lile swali mliloniuliza hapa kwenye kundi letu la simu, katuni gani ya gazetini naipenda kuliko zote. Si kwamba siijui. Ninayo, imekatwa, iko ndani ya Biblia kwenye Zaburi. Tatizo ni kwamba nimeolewa, na tangu nimeolewa siruhusiwi kuitaja.

Naiandika mara moja tu ili tuelewane, kwa sababu mama mkwe alinikataza kulipitisha jina hilo mdomoni, na kuhusu kuandika hakusema kitu. Inaitwa Bwana Bahati.

Na baba mkwe wangu anaitwa Bahati.

Basi, nimemaliza. Kuanzia hapa atakuwa Yule Bwana, na msinilazimishe tena.

Siku hizi wengi wameiacha desturi hii. Kwetu Kasulu mjini wakamwana wanawaita wakwe zao kwa majina kama wanafunzi wa darasa moja. Lakini nyumba niliyoolewa, huko Kagerankanda, ni ya wazee waliotoka Burundi wakiwa wadogo, wakalima, wakapata uraia, na mambo mawili hawakuyaacha njiani: kwaya na heshima ya mkwe. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hali mbele yake, hawakai chumba kimoja mpaka baba atakapokaribishwa rasmi nyumbani kwa mwanawe. Hata neno la kawaida likifanana na jina lake, unalikwepa. Mama mkwe halimsumbui, maana nyumbani wanaongea Kirundi, na kwa Kirundi ni amahirwe, neno lisilo na mwenyewe. Mimi niliyemaliza kidato cha nne na kuandika Kiswahili kila siku ndiye niliyepatikana.

Hebu fikirini. Bi harusi wa miezi mitatu, anayempenda mume wake hadi anasahau chumvi kwenye mboga, halafu haruhusiwi kusema ana nini.

Nilitafuta neno mbadala, nikapata heri. Nina heri. Heri yangu. Likakaa vizuri mdomoni, nikajiona mwerevu. Nitarudi hapo.

Kwanza katuni, maana ndizo mlizouliza.

Nimezijua katuni kupitia karanga. Nyumbani kwetu hapakununuliwa gazeti, ila shuleni palikuwa na mama aliyeuza karanga kwenye vikaratasi vya gazeti alivyovisokota kama pembe. Wenzangu walichagua pembe iliyojaa. Mimi nilichagua yenye picha. Nikimaliza karanga nakunjua, nasoma. Shida ya pembe ni kwamba ile ncha ya chini inasokotwa sana na kulowa mafuta, na karibu kila mara kisanduku cha nne ndicho kilichoishia kwenye ncha. Kwa hiyo utoto wangu wote nilisoma katuni zisizo na mwisho.

Kulikuwa na moja iliyoitwa Sufuria Moja, ya wapangaji wawili wanaopika pamoja na kuviziana nani atainjika kwanza. Kulikuwa na ile ambayo mchoraji alificha kijiko kidogo mahali fulani, tukakitafuta wakati wa mapumziko mpaka kengele inagonga. Na kulikuwa na Yule Bwana.

Yule Bwana ana koti kubwa kuliko yeye na kiatu kimoja kilichofungwa kamba. Kila analoshika linamponyoka. Alichorwa kwa mistari minene, maneno machache, na uso wake ulikuwa na nukta mbili tu za macho, lakini ungeapa kwamba anakutazama wewe. Siku moja gazeti lilimwondoa bila tangazo. Mahali pake wakaweka tangazo la mabati.

Za siku hizi nazisoma pia, mume wangu ananiletea. Ipo ya kijana anayeishiwa bando kila anapotaka kumwambia msichana neno la maana. Inachekesha, sikatai. Ila wahusika wa sasa wanaongea mno, viputo vimejaa maneno hadi kichwa cha mtu hakina pa kukaa, na wote wameinamia simu. Hawaangalii anayewasoma. Labda nazeeka, na sijafika hata miaka ishirini na mitano.

Ile niliyonayo kwenye Zaburi ni ya mwavuli.

Kisanduku cha kwanza, jua kali, Yule Bwana anapita na mwavuli na watu wanamcheka. Cha pili, mawingu, naye anatabasamu. Cha tatu, mvua imeshuka, anafungua mwavuli, upepo unaupokonya na kuutupa juu ya mapaa. Hapo ndipo pembe yangu ya karanga iliishia. Kwa miaka mingi niliamini mwavuli ulipotea. Nilikuwa nikiukumbuka mvua ikinyesha, na kusikitika, kama mtu niliyemjua.

Halafu nikaajiriwa kwenye duka la kutoa nakala karibu na stendi ya Kasulu. Mchana mmoja nilikuwa nakula karanga na kumsimulia mwenzangu habari za ule mwavuli. Palikuwa na mteja anasubiri nakala ya leseni, kijana mrefu mwenye vumbi la lori hadi kwenye kope. Akasema, bila hata kuniangalia vizuri:

“Mwavuli haukupotea, dada.”

“Umejuaje?”

“Umeangukia mlangoni kwake, kichwa chini. Umejaa maji ya mvua. Mke wake anaoshea vyombo humo, anamwambia, ‘Ahsante mume wangu, leo umewahi kuteka maji.’”

Mwenzangu alicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilimwangalia yule kijana kama mtu aliyenirudishia kitu nilichokuwa nakitafuta tangu darasa la tatu.

Hivyo ndivyo nilivyompata Elia. Yeye ni utingo wa lori la mazao. Alisema kwao sebule imebandikwa magazeti ukuta mzima, na kusoma alijifunzia hapo kabla ya shule. Siku aliyoniambia anataka kunioa hakuja na pete. Alikuja na kipande cha gazeti la zamani, kigumu kama ubao, mgongoni kina udongo uliokaukia. Visanduku vyote vinne.

Sikumuuliza amekitoa wapi. Mwanamke anayepewa ua haulizi bustani ya nani.

Sasa nije kwenye wiki hii. Nitajaribu kuieleza kwa utulivu, kama nasimulia habari za mtu mwingine, maana nikijiweka karibu nitaanza kulia au kucheka na simu hii itaanguka.

Alhamisi baba mkwe alitutumia gunia la maharage kwa gari la jirani yao. Elia hakuwepo, nilisikia kwa madereva kwamba lori lao liliharibika njiani tangu Jumanne na huko hakuna mtandao. Nikaona ni adabu kutoa taarifa. Nyumba ya Kagerankanda ina simu moja, na baba haoni vizuri herufi ndogo, wifi yangu Yulia ndiye anayemsomea. Nikaandika haraka kwa sababu chaji ilikuwa inaisha na umeme ulikatika tangu asubuhi. Sikuweka mkato wala nukta. Niliandika hivi:

“Shikamoo baba Elia hajarudi tangu Jumanne kwa heri mbaya niko peke yangu kwa heri nzuri mizigo nimeshaifunga asanteni kwa yote”

Mizigo ni maharage. Gunia lilikuwa limepasuka mdomo, nikalifunga.

Simu ikazima. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Yulia amenieleza baadaye jinsi alivyousoma ujumbe huo. Aliusoma mara moja. Mama mkwe akasema, “Soma tena.” Akasoma tena. Mama mkwe akakaa chini, akasema, “Mana yanje,” yaani Mungu wangu, “hata miezi mitatu haijafika vizuri, ameshaaga.” Walinipigia, sipatikani. Wakampigia Elia, hapatikani. Kwa watu wa Kagerankanda hapo hakuna tena cha kujadili. Mume kapotea, mke kafunga mizigo na kuaga mara mbili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ndani nachambua yale maharage, mvua inamalizikia, nikasikia makofi ya polepole mlangoni, yale ya wazee wanaosalimia kwa heshima. Nikachungulia kwenye pazia.

Ni baba mkwe.

Alikuwa na koti la harusi yetu. Upande mmoja wote, toka bega hadi goti, ni tope jekundu. Kiatu kimoja kimefunguka soli, amekifunga kwa kipande cha mpira. Bodaboda ilikuwa imewaangusha, yeye na dereva. Nilirudi nyuma ya pazia, nikapiga magoti. Baba mkwe hakanyagi kwangu kabla ya kukaribishwa. Nikajua kuna msiba. Nikajua ni Elia.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Usitoke. Sikuja kwako, nimekuja kuongea na hili pazia.”

“Baba, Elia yuko salama?”

“Hilo ndilo nililokuja kumuuliza pazia.” Akakohoa. “Pazia, nimesikia una safari.”

“Safari gani, baba?”

“Mimi sikuja kumtetea mtoto wangu. Kama amekuinulia mkono, liambie pazia, mimi nitasikia. Kama ana mwanamke mwingine huko barabarani, liambie pazia. Nitampeleka mbele ya wazee mwenyewe. Ila usiondoke bila kusema. Mtu akiondoka bila kusema, waliobaki hawalali. Mimi hiyo naijua.”

Ilipita sauti ya jirani yangu Mama Zawadi, juu ya ua wa matete: “Jamani, bi harusi anafukuzwa au anafukuza?”

“Mama, anika nguo zako,” baba akamjibu.

Nikasema, “Baba, Elia lori limemharibikia njiani, na mimi siendi popote. Nani amesema naondoka?”

“Umeaga. Tena mara mbili! Ya kwanza mbaya, ya pili nzuri. Yulia kasoma mpaka kalia.”

Hapo ndipo nilipoelewa.

Na hapo hapo nikaona shimo nililojichimbia. Ili nimweleze kwamba sikuaga, ilibidi niseme nilimaanisha neno gani. Na neno lenyewe ni yeye. Amesimama pale hatua mbili, ana tope, ana kiatu kilichofungwa mpira, ameacha shamba lake kuja kuniombea nisivunje nyumba, na mimi nikifungua mdomo kujitetea nitamtukana.

“Baba, nilikuwa nasema neno jingine.”

“Lipi?”

“Siwezi kulitaja.”

“Kwa nini huwezi? Ni matusi?”

“Hapana baba. Ni zuri. Ni zuri sana. Ila siwezi.”

Niliona kivuli chake kikihama mguu mmoja kwenda mwingine. Mama Zawadi naye alikuwa ameacha kabisa kupiga nguo maji.

“Mkwe,” akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sasa, “mimi ni mtu mzima. Kama umeamua, sema umeamua.”

Sijui ni nini kilinipeleka kwenye Biblia. Nilifungua Zaburi, nikatoa kipande changu, nikakipitisha chini ya pazia kwa mikono miwili. Juu kabisa jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi, herufi ambazo hata yeye anaziona bila Yulia. Nikaweka kidole chini ya neno la pili. Nikasema, “Nilimaanisha hili. Hili ndilo nilitaka kusema. Nzuri, na mbaya.”

Alikipokea. Nikasikia anasoma kwa kunong’ona, silabi baada ya silabi. Akafika mwisho. Akarudia tangu mwanzo, nami nikaanza kuomba.

Kisha akakigeuza. Nikasikia ukucha wake ukikwaruza ule udongo wa mgongoni.

“Huu,” akasema polepole, “ni uji wangu.”

“Baba?”

“Uji wa muhogo. Mimi ndiye niliyeupika, mimi ndiye niliyebandika. Kumbe ni nyinyi mlionitobolea ukuta! Nimewalaumu panya mwaka mzima. Nimenunua na paka!”

Nilijifunika uso kwa kitenge, nikiwa nyuma ya pazia, kana kwamba pazia halitoshi.

Lakini alikuwa anacheka. Kwanza kidogo, kama mtu anayekohoa, halafu ikamshinda, akashika nguzo ya baraza. Akaniambia, yaani akaliambia pazia, habari ambayo hata Elia hakuwa nayo. Zamani, kabla hajapata uraia, alikuwa sokoni anauza ndizi, akaona gazeti limefungia sabuni ya mtu, na juu yake jina lake. Jina lake, gazetini! Alidhani anatafutwa. Aliacha ndizi pale pale, akakaa ndani bila kutoka, mpaka mchungaji wao akaenda kulisoma lile gazeti na kurudi kumwambia: hutafutwi, wewe ni mtu wa koti kubwa uliyepoteza mwavuli.

“Nikasema, ego, kama ni huyo tu, na aje akae kwangu,” akasema. Ego ni ndiyo. “Tangu hapo kila nilipomwona nilimkata nikambandika. Watu wakiniuliza wewe una nini cha kujivunia, nawaonesha ukuta.”

Siku niliyopelekwa kwao nilikuwa nimefunikwa, sikuona ukuta hata mmoja. Miaka yote hii nilidhani Yule Bwana ni wangu.

Nilimtilia karanga. Sikuwa na bahasha, nikachana ukurasa wa katuni wa wiki hii, nikasokota pembe, Mama Zawadi akaipokea dirishani na kumpelekea barazani ili asile mbele yangu. Mama Zawadi alikuwa amefika bila kuitwa, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Baba alikula amesimama. Akamaliza, akakunjua karatasi, akaangalia yule kijana wa bando.

“Huyu naye anaongea sana,” akasema.

Nilitamani kumkumbatia.

Kabla ya kuondoka akasema jambo moja kwa ukali wake wote. “Jina langu usilitaje. Hapo hatuelewani. Ila hilo la kuaga pia liache, mimi moyo hauwezi. Tafuta jingine.”

“Nitafute lipi, baba?”

Alifikiri. Alikuwa bado ameshika kile kipande. Akakirudisha chini ya pazia, akakigusa kidogo kwenye kisanduku cha nne.

“Sema mwavuli.”

Akapiga makofi ya kuaga, akashuka ngazi. Kwenye kijia akageuka na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Mama Zawadi: “Kwa mwavuli mzuri nimekukuta!”

Elia amerudi jana jioni, mchafu, na magazeti matatu chini ya shati ili yasilowe. Nilimweleza yote. Alicheka hadi kwenye kipengele cha ukuta, hapo akaacha, akakaa akitazama mikono yake. Kile kipande alikuwa amekibandua usiku akidhani baba hajui hata kuna nini pale. “Nilidhani ni karatasi tu kwake,” akasema. Kisha akanitazama kwa ule uso wake, nukta mbili za macho, na mimi nikamjibu kwa lile neno jipya.

Nina mwavuli.

Nina mwavuli mkubwa sana, jamani, hata mkinicheka.

Ila kuna tundu kwenye ukuta wa mtu huko Kagerankanda, nami ndiye niliyelivaa kama pete. Nimelifikiria asubuhi yote wakati wenzangu wanaimba kanisani. Kipande siwezi kukirudisha, baba mwenyewe alikisukuma kwangu chini ya pazia, na kitu kilichosukumwa na mkwe hakirudishwi. Lakini ukuta hauachwi wazi.

Kwa hiyo nimemwomba Elia penseli na upande mweupe wa kalenda ya mwaka jana. Sijawahi kuchora. Kisanduku cha kwanza, mzee mwenye koti anapanda bodaboda na watu wanamshangaa. Cha pili, tope. Cha tatu, anaongea na pazia. Cha nne bado sijakichora, maana sijakiona. Natafuta unga wa muhogo wa kupikia gundi, na Yulia ameshaahidi kufunga paka nje.

Baba, mwezi huu hautaisha kabla sijafika. Tukaribishe kwanza barazani, nitasubiri mpaka utoke sebuleni, halafu nitaingia na kopo langu la uji.